Kituo Hujaa Kuanzia Uani Kwetu

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wa Mbeya, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze kwa nini vituo vya kutunza wanyama walioachwa hufurika mbwa na paka. Wengi hudhani ni ukatili. Ukatili upo, lakini kinachojaza banda hasa ni uzazi ambao mwenye mnyama hakuupanga.

Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi. Akifikisha miezi 6 hadi 12 anaweza kushika mimba, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne, sita, hata wanane. Paka ndiyo kabisa, wengine huanza na miezi minne! Sasa tazameni mitaa yetu, kuanzia Ilomba hadi Uyole. Kila mtu anataka dume la kulinda nyumba. Madume hugawiwa upesi, majike hubaki, na wengine hutiwa kwenye kiroba wakatupwa dampo, Julai, kwenye baridi hii mnayoijua. Hilo linaniuma sana.

Wengine huachwa kwa sababu ya kuhama. Mpangaji kapata uhamisho kwenda Iringa, mwenye nyumba mpya hataki mbwa.

Tupige hesabu. Kituo chenye nafasi 20 kinapokea mbwa 10 kwa mwezi. Kila mmoja akikaa miezi 2 kabla ya kuchukuliwa, kimejaa. Wakikaa miezi 4, zinatakiwa nafasi 40, ingawa wanaoingia hawajaongezeka hata mmoja! Na wanaokawia ni wakubwa, maana kila anayekuja anataka kitoto. Ndiyo maana siamini kwamba kujenga banda jingine peke yake kutatuokoa.

Kuna na kichaa cha mbwa. Takriban asilimia 99 ya watu wanaokipata huambukizwa na mbwa, na ili kukizuia inabidi tuchanje angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Watoto wapya wa mbwa wakizaliwa kila msimu bila chanjo, kiwango tulichokifikia kwa jasho kinashuka tena kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo mwenye jike amwone daktari wa mifugo mapema, wapange kumfunga kizazi kabla hajapata joto la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume. Dume naye ahasiwe. Mwenye nafasi achukue mbwa mkubwa, ambaye tabia yake imeshajulikana. Na wenye nyumba za kupangisha mliopo hapa, naomba msiondoke, tuzungumze kuhusu wapangaji wenye mbwa.