Bandari Iliyopanda Bara

Nianze na linalonikera, na wanaonijua wameshalisikia mara nyingi. Neno la Kiswahili likinuka bahari tu, mtu anasema "Kiarabu hicho" na kufunga daftari. Bandari je? Bandar ni Kiajemi, lugha ya Iran. Waarabu nao waliliazima huko huko. Kama lilitufikia kupitia kwao, sawa, lakini aliyemleta mtoto si lazima awe ndiye aliyemzaa.

Iran neno halijatoka ufukweni: iko Bandar Abbas, kwa jina la Shah Abbas wa Kwanza. Ukiliunganisha na shah, mfalme, unapata shahbandar, mkuu wa bandari. Hapa ndipo penye utamu, mnivumilie. Melaka, mji wa bandari katika Malaysia ya leo, kabla Wareno hawajaiteka 1511, ilikuwa na mashahbandar wanne. Mreno Tomé Pires ameyaandika haya. Mmoja alikuwa wa Wagujarati peke yao, kwa wingi wao. Wa pili alishika Wahindi wengine, Pegu ya Burma na Pasai ya Sumatra. Wa tatu Java na visiwa vya mashariki. Wa nne China, Champa (sehemu ya Vietnam ya leo) na Ryukyu (visiwa vya Japani ya leo). Nahodha akitia nanga hababaiki: anamwendea wake, anapangiwa ghala, anafikishwa kwa wakubwa, biashara inaanza. Linganisheni na foleni za forodha mnazozijua, mimi simtaji mtu!

Wamalay wakalipandisha bara. Leo kwao bandar ni mji. Kuala Lumpur haiko pwani, iko penye makutano ya mito, lakini halmashauri yake ni Dewan Bandaraya. Meli zinakotia nanga wanakuita pelabuhan.

Najua kuna atakayenyosha mkono: "Mwalimu, Kihindi bandar ni nyani." Ni kweli. Lakini huyo katoka kwenye Kisanskriti, vanara. Wamegongana sauti tu, kama paa wa porini na paa la nyumba. Kufanana si undugu, nimelisema mpaka koo limekauka.

Naonyeshwa saa. Waosmani, wale Waturuki wa zamani, mtawasoma wenyewe: kwao şehbender alikuwa konseli, yaani balozi mdogo. Misri, bandar ni mji wa wilaya, tofauti na kijiji, na shahbandar alikuwa mkuu wa wafanyabiashara. Saudia ni jina la mtu kabisa. Mwanamfalme Bandar bin Sultan alikuwa balozi Washington tangu 1983 hadi 2005. Haya, maswali.