Spoila Kubwa, Difu Wazi: Gari la Michezo Linastahili Kuwa na Nini?

REHEMA: Karibuni tena, tupo Dodoma, na leo tunagusa ubishi unaowaka kila jioni pale magari yanapooshwa: kifaa gani kina haki ya kukaa kwenye gari la michezo, na kipi ni pambo tu. Kaka Ndahani, anza.

NDAHANI: Asante dada. Kabla hatujataja kifaa hata kimoja tukubaliane kipimo. Changu ni joto. Gari lolote lenye injini kubwa litakimbia mara moja. Sasa lifanyie hivi: kanyaga mafuta, funga breki, kata kona, rudia dakika 20 mfululizo. La michezo linabaki vilevile. Lingine breki zinanuka, giabox imechemka, usukani umekuwa mzito.

REHEMA: Kwa hiyo nguvu za farasi si kipimo.

NDAHANI: Hata kidogo. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na farasi wasiozidi 120. Uzito chini ya kilo 1,000. Lotus Elise ya 1996, farasi pungufu ya 120, kilo kama 725. Toyota Mark X ya lita 2.5 ina farasi zaidi ya 200, lakini inabeba zaidi ya kilo 1,500. Kwenye barabara iliyonyooka Mark X inaiacha hiyo MX-5. Kwenye kona mfululizo, kilo zile zinaanza kudai.

REHEMA: Na kwetu kuna jambo watu hawalihesabu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono iliandikwa farasi 210. Hapa hazifiki 190. Lakini ukiipunguzia kilo 50, hizo umezipunguza Dar na Dodoma sawasawa.

NDAHANI: Ndiyo maana kifaa cha kwanza ninachokitaka hakionekani kabisa: difu ya kubana. Difu ni gia zinazogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lenye kazi nyepesi. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, tairi la nyuma la ndani limepungukiwa uzito, linazunguka bure, linatoa moshi, na gari halisogei inavyotakiwa. Difu ya kubana inalazimisha tairi la nje nalo lisukume.

REHEMA: Mnunuzi atajuaje kama ipo?

NDAHANI: Zima gari, weka nyutro, zuia matairi ya mbele, nyanyua matairi yote mawili ya nyuma na uyakalishe kwenye stendi. Usitegemee jeki peke yake. Achia handibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, hiyo ni difu ya kawaida. Likifuata upande uleule, ni difu ya kubana ya sahani, au mtu amechomelea gia za ndani. Iliyochomelewa utaijua ukikata kona kali taratibu: matairi yanalia na kurukaruka.

REHEMA: Ila Torsen, difu ya kubana inayotumia gia badala ya sahani, inadanganya kwenye kipimo hicho. Ile hubana ikiwa na mzigo. Tairi zikiwa hewani inaweza kufanya kama difu ya kawaida. Kwa hiyo soma kibati cha gari, na usome maandishi ya chupa ya mafuta. Difu ya sahani inataka mafuta ya daraja la GL-5 yenye kirutubisho cha difu za kubana. Ukiweka GL-5 tupu, sahani zinashika na kuachia kwa mkwaruzo, kila kona inagonga, fundi anakwambia difu imekufa. Mara nyingi mwaga mafuta, weka sahihi, zungusha gari kwenye uwanja mtupu duara kadhaa kila upande, kelele inapungua.

NDAHANI: Sasa spoila, lile bawa la nyuma. Nianze kugombana na watu?

REHEMA: Gombana.

NDAHANI: Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu mara nne. Chukulia spoila inakandamiza kilo 40 kwenye kilomita 200 kwa saa. Kwenye 50, ambayo ndiyo kibao cha kila kijiji barabara ya Morogoro na tochi iko nyuma ya mti, inakandamiza kilo 2 na nusu. Na spoila yenyewe ina uzito zaidi ya huo! Halafu imefungwa kwa skrubu nne kwenye bati jembamba la buti. Ingekuwa inakandamiza kweli, buti lingeingia ndani.

REHEMA: Na kwenye gari la kuvuta mbele, ukikandamiza nyuma peke yake unapunguza mshiko kwenye tairi zinazovuta. Hayo matundu ya plastiki kwenye bampa yasiyopitisha kitu, na vichwa vya ekzosi vinne wakati bomba ni moja, tusipoteze muda navyo.

NDAHANI: Sauti ya injini kutoka kwenye spika pia. Pita.

REHEMA: Tukae kwenye breki, maana hapo watu wanaumia. Kalipa kupakwa rangi nyekundu hakuongezi kitu. Diski zenye matobo zinapendeza, lakini zikipata moto mara nyingi nyufa huanzia kwenye matobo. Kinachotakiwa ni diski ya sahani mbili zenye nafasi ya hewa katikati, pedi za kuhimili joto, na mafuta ya breki yanayoeleweka. DOT ni daraja la mafuta hayo: DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230, DOT 5.1 kuanzia 260. Lakini mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 iliyokunywa maji kiwango chake kinashuka hadi 155.

NDAHANI: Eleza inavyotokea njiani.

REHEMA: Chukua mteremko wa Nyang'oro, njia ya Iringa kwenda Mtera. Dereva ameweka D, anashuka kwa breki peke yake. Mambo mawili yanaweza kutokea, na mguu wako utakwambia ni lipi. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto. Pedeli ikizama hadi chini, mafuta yamechemka na kuna mvuke kwenye bomba. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Dawa ya yote mawili ni kushuka kwa gia ndogo. Mafuta badilisha kila miaka 2, hata kama gari limekaa tu. Na DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine.

NDAHANI: Rimu. Altezza ya rimu za inchi 17 ilitoka na tairi za 215/45. Ukuta wa tairi ni milimita 97 hivi. Mtu anaweka 225/35 inchi 19, ukuta unashuka hadi 79, rimu imekuwa nzito, na uzito ulio chini ya springi ndio mbaya kuliko wote: shokapu inashindwa kuirudisha tairi chini baada ya tuta. Shimo moja, rimu imepinda. Halafu anakata springi ili gari lilale! Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, shokapu inafanya kazi karibu na mwisho wake muda wote, inavuja mapema. Ukitaka kushusha, nunua springi fupi na shokapu zake, sentimita 2 au 3 zinatosha.

REHEMA: Giabox. Hapa hatutakubaliana.

NDAHANI: Klachi na gia za mkono. Basi.

REHEMA: Na Nissan GT-R ya 2007? Pedeli mbili tu, klachi mbili ndani, inavuta matairi yote manne. Utaiambia siyo gari la michezo?

NDAHANI: Nitaiambia ni mashine kali sana yenye kilo zaidi ya 1,700.

REHEMA: Umekwepa. Kipimo chako ni kurudia kazi bila kuchoka. Klachi mbili zinazopozwa vizuri zinafaulu. Inayofeli ni otomatiki ya kawaida isiyo na redieta nzuri ya mafuta, na CVT, giabox ya mkanda isiyo na gia za hatua: ikipata moto kompyuta inapunguza nguvu ili mkanda usiteleze.

NDAHANI: CVT tumekubaliana. Kwa GT-R nakuachia nusu.

REHEMA: Kiyoyozi je? Mimi nasema kibaki. Jua la Oktoba hapa, dereva aliyeishiwa maji mwilini anakosea kufunga breki kabla pedi hazijachoka.

NDAHANI: Kibaki. ABS ibaki pia. Udhibiti wa kuteleza ubaki, ila uwe na swichi ya kuuzima kabisa uwanjani, kwa sababu huko mfumo huo utakuwa unafunga breki kila gari likianza kuteleza. Skrini kubwa itoke, geji ya joto la oili iingie. Maji hupata joto mapema kuliko oili. Geji ya maji ikiwa katikati watu wanakanyaga hadi mizunguko 7,000 kwa dakika wakati oili bado nzito. Subiri ifike nyuzi 80.

REHEMA: Tumalizie na swali linaloulizwa sana: Altezza ni gari la michezo au sedani tu?

NDAHANI: Ipi? Nembo ya RS200 inanunuliwa dukani. Soma kibati: SXE10 ndiyo RS200, injini ya 3S-GE. GXE10 ni AS200, silinda 6, farasi 160. Ukikuta SXE10 yenye gia 6 za mkono, na difu ya kubana imo, mimi naipitisha, milango minne na yote.

REHEMA: Na mkanda wa taimingi umebadilishwa. Hiyo injini inatumia mkanda, siyo cheni. Kama muuzaji hana kumbukumbu, ondoa gharama yake kwenye bei kabla hujalipa.