Magitaa Yenye Matumbo ya Pipa

Assalaam alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma ukutani, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie magitaa ya zamani. Bagamoyo hii kila mtaa una mpigaji wake, kwa hiyo sitawafundisha kushika nyuzi. Nitazungumzia tumbo.

Chukua futi, upime gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni pale chini, penye upana kuliko pote. Utapata kama inchi 14 na nusu. Sasa fikirieni la inchi 21. Ukilipakata, mkono wa kulia unabaki juu kama umekumbatia pipa.

Yapo. Yalitengenezwa Chicago na ndugu wawili waliohamia Marekani kutoka Sweden, Carl na August Larson, kwa jina la Prairie State. Jina lao wenyewe hawakuliandika kwenye kazi yao. Mengine waliyaita Maurer, mengine Euphonon, mengine wakawatengenezea wafanyabiashara wayauze kwa majina yao. Basi mtu anaweza kurithi gitaa la babu, akalitundika ukutani miaka yote asijue amerithi nini.

Walikuwa wanatafuta sauti. Miaka ya 1920 na 1930 mpiga gitaa alikaa katikati ya tarumbeta na ngoma, spika hana. Anakung'uta mpaka vidole vinauma, na wachezaji hawamsikii. Kila fundi akajibu kwa njia yake. Kampuni ya Marekani ya Martin walishaanza mwaka 1916 na gitaa pana walilolipa jina la manowari ya Waingereza, Dreadnought. Wenzao wa kampuni ya Gibson wakaja mwaka 1934 na gitaa la Super 400, inchi 18, bei dola 400. Fundi Stromberg wa Boston akaongeza inchi moja.

Lakini ukubwa peke yake haukupi sauti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ni kweli tumbo kubwa linanenepesha sauti: puliza mdomo wa chupa ya soda, halafu puliza wa dumu. Dumu linatoa sauti nene kwa sababu hewa ya ndani ni nyingi. Waliomwona mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose hapa hapa mjini na zile ilimba zake kubwa, ala za kupigwa kwa vidole gumba, wananielewa. Tatizo liko kwenye uso wa gitaa, ule ubao wa mbele. Nyuzi sita za chuma zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi: ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye ubao wenye unene wa milimita tatu. Ukiufanya mnene, gitaa linakuwa bubu. Ukiupunguza, unabonyea. Na uso ukiwa mpana, balaa linazidi.

Akina Larson waligundisha mbavu za ndani, vile vijiti vinavyoushikilia uso, kwa tabaka, mbao nyepesi pembeni, katikati ubao mgumu, mara nyingi wa jamii moja na mpingo wetu. August alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mbavu hizo mwaka 1904. Kwenye Prairie State wakapitisha na bomba la chuma tumboni, kutoka shingoni hadi kitakoni, libebe mvuto wa nyuzi. Mimi nawavulia kofia. Gitaa langu la kwanza lilibanduka daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni, usiku mmoja wa masika, nikadhani mlango umepigwa teke. Joto na unyevu wa pwani havina urafiki na gundi.

Mbona basi magitaa haya makubwa ni adimu? Umeme. Mwaka 1932 kampuni ya Rickenbacker wakatoa gitaa la umeme, Gibson wakafuata na ES-150 mwaka 1936. Gitaa dogo lenye waya likalizidi pipa, tena linabebeka kwenye basi. Nani angeagiza tena la inchi 21? August alifariki mwaka 1944, Carl mwaka 1946.

Hili nililokuja nalo ni gitaa la kawaida tu, msije mkaniulizia bei. Naomba mwenye simu amulike kwenye tundu. Mimi naingiza hiki kioo kidogo, na nyinyi mpite mmoja mmoja mziangalie mbavu.