Chakula cha Dola 20: Fedha za Kampuni za Dawa na Kalamu ya Daktari

Waheshimiwa walimu, madaktari, wafamasia, wauguzi, na ninyi wanafunzi mlioacha vitabu jioni hii, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie fedha ambazo kampuni za dawa huwapa wahudumu wa afya, na kama kuzitangaza hadharani kunasaidia. Nitakaa zaidi Marekani, kwa sababu huko hesabu hizo zimeanikwa mtu yeyote azione.

Mwaka 2007 maseneta wawili wa vyama pinzani, Chuck Grassley na Herb Kohl, walipeleka muswada wa kuzilazimisha kampuni zitaje malipo zinayowapa madaktari. Ulikwama. Mwaka uliofuata uchunguzi wa Grassley ukaonyesha kwamba baadhi ya maprofesa wenye majina makubwa katika tiba ya magonjwa ya akili walikuwa wamepokea fedha nyingi za kampuni bila kuvieleza vyuo vyao kikamilifu. Mwaka 2010 hoja ile ikaingizwa ndani ya sheria ya afya ya Rais Obama, na tarehe 30 Septemba 2014 hifadhidata iitwayo Open Payments ikafunguliwa kwa umma.

Unaandika jina la daktari, unaletewa mistari: kampuni gani, tarehe gani, kiasi gani, kwa ajili ya nini, na mara nyingi ni dawa gani iliyokuwa ikinadiwa. Chakula, nauli na hoteli, ada ya ushauri, malipo ya kutoa mada, hisa. Kiwango cha chini cha kuripoti kilianza na dola 10, na daktari hupewa siku 45 za kukagua na kupinga kabla taarifa haijatoka.

Ukiipekua, kitakachokushangaza kwanza si mamilioni. Ni chakula. Mstari baada ya mstari, dola kumi na kitu. Mwakilishi wa kampuni amefika kliniki mchana na chakula cha wafanyakazi wote, ameieleza dawa yake wakati watu wanakula, ameacha vipeperushi, ameondoka. Sasa daktari aliyesoma miaka yote ile atabadili dawa kwa ajili ya sandwichi? Madaktari huuliza hivyo kwa moyo safi kabisa, na ninawaamini.

Lakini watafiti walilipima jambo hilo. Mwaka 2016 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti uliolinganisha milo iliyoripotiwa na dawa zilizoandikwa kwa wagonjwa wa bima ya serikali ya wazee, Medicare. Walichukua dawa nne za majina ya biashara, ikiwemo ya kushusha kolesteroli na ya shinikizo la damu. Daktari aliyepata hata mlo mmoja wa kuinadi dawa fulani, na wastani wa mlo ulikuwa chini ya dola 20, aliiandika dawa hiyo zaidi kuliko asiyepata. Milo ikiongezeka, na vyeti vya dawa vinaongezeka. Waandishi walisema wazi kwamba huo ni uhusiano tu, haithibitishi kuwa chakula ndicho kilichosababisha. Nakubali. Ila mimi siamini kwamba kampuni inaweza kulisha kliniki za nchi nzima mwaka hadi mwaka kama hairudishi chochote.

Watanzania mliopo hapa mnaijua hoja hii kutoka uwanja mwingine. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea atoe takrima, yaani ukarimu kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba. Ukarimu wa mtu anayetaka kitu kutoka kwako ulifika mahakamani ukashindwa.

Mlo wa mchana ukiachwa ukue, unafika kwa Insys. Kampuni hii ya dawa ilitengeneza Subsys, dawa ya kupuliza chini ya ulimi yenye fentanili, kituliza maumivu kikali cha jamii ya afyuni, iliyoidhinishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa wa saratani ambao maumivu yao yanapenya hata wakiwa tayari kwenye dawa kali. Soko hilo ni dogo. Insys ikawalipa madaktari kama watoa mada: karamu mgahawani, mada ya kuwaelimisha wenzao. Mara nyingine hapakuwa na mwenzao yeyote. Majina ya waliohudhuria yalighushiwa, mtoa mada akala na mwakilishi, akalipwa. Ndani ya kampuni walikokotoa kila mtoa mada amerudisha kiasi gani kwa vyeti alivyoandika. Na fentanili ikawafikia watu ambao hawakuwa na saratani. Mwaka 2019 mwanzilishi wake, John Kapoor, alitiwa hatiani Boston, na Januari 2020 akahukumiwa miezi 66 jela.

Je, kutangaza kunatosha? Mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kulijua. Mtu mmoja alikadiria thamani ya sarafu zilizo ndani ya chupa akiwa mbali. Mwingine, aliyeiona kwa karibu, alimshauri, lakini mshauri alilipwa zaidi mwenzake akikadiria juu. Mshauri alipotangaza maslahi yake, ushauri wake ulizidi kupotoka, na aliyeshauriwa hakupunguza makadirio yake vya kutosha. Ndiyo maana nasikitika nikiona mzungumzaji anaonyesha slaidi ya maslahi yake kwa sekunde tatu kisha anaendelea. Mgonjwa naye, amekaa kwenye benchi na homa, tunamtaka apekue hifadhidata? Daftari hili linapaswa kusomwa na wenye meno: waajiri, mabaraza ya taaluma, wanaolipa bima, waandishi wa habari, waendesha mashtaka.

Sisi tumeshakubaliana kanuni. Mwaka 1988 Baraza la Afya Duniani lilipitisha vigezo vya maadili vya kunadi dawa. Vinasema wawakilishi wasiwape vishawishi wanaoandika na wanaotoa dawa, na hao nao wasiviombe. Vinasema pia sehemu kubwa ya kipato cha mwakilishi isitegemee moja kwa moja kiasi anachouza. Isomeni sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kisha mwulizeni mwakilishi atakayekuja wiki ijayo analipwaje.

Najua mtaniuliza: kampuni zikiondoka, semina zetu za mafunzo endelevu atalipa nani? Swali ni zito, maana mganga wa zahanati ya mbali hana fedha za kujisafirisha. Jibu langu ni kwamba semina ziwe ndogo, zifanyike hospitalini, zilipiwe kwa ada zetu na bajeti ya mwajiri. Kampuni ikitaka kuchangia, iweke fedha kwenye mfuko mmoja wa chama cha taaluma, isichague mada, isichague mzungumzaji, isijue nani kahudhuria, na kiasi ilichotoa kibandikwe mlangoni. Kampuni itakayokataa masharti hayo itakuwa imetueleza ilichokuwa inanunua.