Lengo la Tatu Limepotelea Wapi?

Asanteni. Naomba msogee hapa mbele, viti viko vingi, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nimeombwa nizungumzie muundo na umbo la tasnifu. Najua wengi wenu mmekuja na kalamu mkononi mkisubiri niwatajie fonti, saizi ya herufi na upana wa pambizo. Hayo yamo kwenye mwongozo wa chuo chenu, na mwongozo huo ndio wenye neno la mwisho, si mimi, wala si rafiki yako aliyehitimu mwaka juzi akakuachia nakala yake uifuatishe. Muda ukiruhusu nitayagusa. Ila nimeshalisema jambo hili mara nyingi, na kila mara dakika zinaniishia kabla sijafika penye uzito, kwa hiyo leo naanzia huko huko. Naanza na lengo la tatu.

Niliwahi kuwa mtahini wa nje wa tasnifu moja ya umahiri. Chuo sikitaji, na mada nimeigeuza kidogo ili mwenyewe asije akanikasirikia. Tuseme ilihusu wanafunzi wanavyotumia simu kujisomea. Kwa macho, kazi ilipendeza: imejalidiwa vizuri, kurasa zimenyooka, majedwali yana mistari. Sura ya kwanza ilikuwa na malengo mahsusi matatu. La kwanza, kubainisha programu za simu ambazo wanafunzi hutumia kujisomea. La pili, kueleza namna wanavyozitumia. La tatu, kutathmini mchango wa matumizi hayo katika ufaulu wao. Nikachukua penseli, nikaweka alama pembeni ya kila lengo, kisha nikaanza kuyafuata moja moja hadi mwisho wa kitabu. Ndivyo ninavyosoma tasnifu zote.

La kwanza nililikuta sura ya tatu, ya mbinu, nikalikuta sura ya nne, ya matokeo, likiwa na jedwali lake, na sura ya tano, ya hitimisho, nikakutana nalo tena. La pili nalo lilifika, ingawa njiani lilibadili jina: "kueleza" ikawa "kuchambua", na "namna" ikawa "changamoto". Nikalisamehe. La tatu sikuliona. Nikarudi sura ya tatu, halipo. Nikaenda kwenye viambatisho, nikapitia dodoso lenye maswali ishirini na kitu, na karibu na mwisho nikakuta swali moja: "Je, simu inakusaidia katika masomo yako? Ndiyo / Hapana." Basi. Huo ndio uliokuwa utafiti wa ufaulu.

Siku ya utetezi nikamuuliza: lengo lako la tatu liko wapi? Akafungua sura ya nne. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akalowesha kidole, akapekua tena. Ukumbi mzima kimya. Mwishowe akaniambia, kwa heshima kabisa, "Profesa, lipo, ila limesambaa."

Limesambaa! Kama ni tangazo ningeandika hivi: limepotea, mara ya mwisho lilionekana ukurasa wa sita, atakayeliona amjulishe msimamizi.

Mnacheka, lakini hebu tulitafute kwa utaratibu. Yule kijana aliamini lilipotelea sura ya nne, kwenye uchambuzi. Alijilaumu kwamba hakuandika vya kutosha. Siyo. Lilipotea miezi mingi kabla, siku alipokaa kutunga dodoso. Anayetaka kujua ufaulu anahitaji alama: za mitihani, za majaribio, za chochote kinachopimika, na anahitaji kuwalinganisha wanaotumia simu sana na wanaotumia kidogo. Yeye aliwauliza watu wanaonaje. Maoni ya mwanafunzi kuhusu simu yake ni data halali kabisa, ila ni data ya lengo jingine. Angeandika "kuchunguza mitazamo ya wanafunzi kuhusu mchango wa simu katika masomo yao", nisingekuwa na la kumuuliza. Maneno machache tu yangemwokoa.

Ndiyo maana nawasumbua kuhusu kitenzi cha lengo. Kitenzi kile ni ahadi. Ukisema "kubainisha", unaniahidi orodha yenye maelezo. Ukisema "kulinganisha", nataka pande mbili na vigezo vilevile kwa zote mbili. Ukisema "kutathmini", niambie kipimo chako ni kipi na umekitoa wapi. Ukisema "athari", unadai kwamba hiki kimesababisha kile, na dodoso lililojazwa mara moja tu haliwezi kukubebea dai hilo; rudi kwenye "uhusiano", nao pia una masharti yake. Halafu wapo wanaoandika "kuelewa". Kuelewa nini, ndugu yangu? Nitajuaje kwamba umeelewa? Lengo la namna hiyo halina mwisho, unaweza kulitafuta hadi ustaafu.

Dawa yake ni karatasi moja. Ilaze, chora jedwali. Kila lengo lina mstari wake. Nguzo ya kwanza, lengo lenyewe, neno kwa neno. Ya pili, swali la utafiti linalotokana nalo. Ya tatu, data gani inahitajika, na iko kwa nani. Ya nne, chombo: dodoso swali la ngapi hadi la ngapi, mwongozo wa usaili kipengele kipi, au matini gani. Ya tano, utaichambuaje. Ya sita, itakaa sehemu gani ya sura ya nne. Ya saba iache wazi. Hiyo ni ya hitimisho, utaijaza mwishoni. Sasa soma kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikuta chumba kitupu katika nguzo ya nne, umelikamata lengo la tatu likiwa bado mlangoni. Kulirekebisha wakati huo ni kazi ya jioni moja. Ukiligundua siku ya utetezi, umechelewa, na waliojaza dodoso wameshatawanyika.

Na sisemi jedwali hili liwe ndani ya tasnifu. Libandike ukutani, juu ya meza unapoandikia. Kila lengo likibadilika, na yatabadilika, rudi ukarekebishe mstari mzima, usirekebishe chumba kimoja ukakimbia.

Namwona mtu pale anatikisa kichwa. Najua anataka kusema nini: "Mimi nasoma fasihi, sina dodoso." Sawa, sura zako unaweza kuzipanga kwa dhamira, au kwa mtunzi, au kwa kipindi, na hakuna atakayekulazimisha sura tano. Wa sayansi watakuwa na utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Wengine tasnifu yao ni makala kadhaa zilizounganishwa na utangulizi na hitimisho. Mpango wa sura tano haukushushwa kutoka mbinguni. Lakini hata wewe wa fasihi umeahidi kitu ukurasa wa sita, na chombo chako ni matini. Jedwali lako litakuwa na nguzo pungufu, mistari itabaki ileile.

Mwingine, huyu simwoni leo lakini hakosekani, huniletea habari za John Nash, yule mwanahisabati wa Marekani. Tasnifu ya Nash pale Princeton, mwaka 1950, ilikuwa na kurasa 28 na marejeleo mawili tu, na moja kati ya hayo mawili ni makala yake mwenyewe. Baadaye, 1994, akapata Nobel ya uchumi. Kwa hiyo, profesa, haya mambo ya muundo yana maana gani? Nakubali kila tarakimu hapo. Ila angalia vizuri: katika kurasa 28 hakuna mahali pa lengo kujificha. Wewe una kurasa 140. Ukiweza kuleta 28 zenye hoja ile, niletee, nitazisoma usiku huohuo.

Sasa muundo na umbo ni mambo mawili kwa jina tu. Nikipokea tasnifu, nasoma ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni, nafungua yaliyomo, nasoma malengo, kisha naruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho. Sura za katikati nazisoma nikiwa tayari najua ninatafuta nini. Kwa hiyo ukurasa wako wa yaliyomo ni hoja yako katika mifupa yake. Kama sura ya nne ina vichwa vidogo kumi na vitatu na malengo ni matatu, nimeshajua kuna tatizo kabla sijasoma sentensi hata moja. Kama kichwa kimoja kinasema "Matokeo" na kinachofuata "Matokeo Zaidi", najua mwandishi amechoka. Vichwa vikubwa vya sura ya nne vifuate mpangilio wa malengo, kwa maneno ya malengo. Usiogope kurudia neno. Shuleni tulifundishwa kutafuta visawe ili insha ipendeze. Katika tasnifu, neno likibadilika msomaji anadhani kitu nacho kimebadilika.

Sura ya pili hivyohivyo. Naona mapitio ya kazi za waliotangulia yanayokwenda hivi: fulani mwaka 2009 alisema, fulani mwaka 2012 alisema, fulani naye akasema. Hiyo ni foleni, kila mtu amesimama nyuma ya mwenzake na hakuna anayezungumza na mwingine. Wapange kwa mada zinazotokana na malengo yako, waache wabishane, kisha uoneshe pengo liko wapi. Hapa palikuwa na mengi ya kusema, tuendelee.

Yaliyomo, tafadhali, yasiandikwe kwa mkono. Nimewahi kukaa na mwanafunzi usiku wa kuamkia kuwasilisha. Alikuwa amechapa yaliyomo yote mwenyewe, akibonyeza nukta, nukta, nukta hadi kufikia ukingo, kisha anaandika namba ya ukurasa. Kurasa nne za nukta. Akagundua kwamba karatasi kwenye kompyuta yake ilikuwa imewekwa Letter na chuo kinataka A4. Letter ni milimita 216 kwa 279, A4 ni 210 kwa 297. Tofauti ndogo, siyo? Alipobadilisha, kila aya ilihama, nukta zikamwagika mstari wa pili, na hakuna namba hata moja iliyobaki kuwa ya kweli kuanzia sura ya pili. Tulikesha. Kumbe programu ya kuandikia ina mitindo ya vichwa: unaiambia hiki ni kichwa cha sura, hiki ni kidogo chake, na yaliyomo inayaunda yenyewe, ukibadilisha chochote unabonyeza tu yajisahihishe. Majedwali na vielelezo nayo ni hivyohivyo. Fanya hivyo siku ya kwanza unapofungua faili, usisubiri siku ya mwisho.

Kurasa za mwanzo, yaani tamko, tabaruku, shukrani, ikisiri na orodha zake, kwa kawaida hupewa namba ndogo za Kirumi, na ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza ndio unaoanza na 1. Kwa hilo faili inabidi igawanywe sehemu mbili. Msiandike namba kwa kalamu, nimeyaona hayo.

Mnalalamika kwamba masharti haya ni ya kunyanyasana tu. Mengi yana sababu zake. Pambizo la kushoto ni pana kwa sababu jalidi inakula karatasi. Ukilibana, mwanzo wa kila mstari unamezwa na mgongo wa kitabu. Nafasi mbili kati ya mistari ni mahali pa kalamu ya mtahini. Na watu waliokaa kuandika masharti haya mara nyingi walikuwa wamechoka kuona kosa lilelile. Kate Turabian alikuwa katibu wa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Chicago, kazi yake ikiwa kuzikagua kabla hazijapokelewa. Mwaka 1937 akawaandikia wanafunzi kijitabu cha maelekezo, na mpaka leo kuna mtindo wa marejeleo unaoitwa kwa jina lake. Namwelewa sana yule mama.

Mwenyekiti ananionesha saa. Marejeleo nilikuwa nimeyatengea dakika kumi, naona nimebakiwa na mbili. Basi haya tu: kila jina lililo ndani ya matini liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha liwe ndani ya matini. Mimi huwa nachukua majina kumi na kuyakagua, mawili yakikosekana nakagua yote. Na msichanganye matoleo. APA, mtindo wa marejeleo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika toleo la 7, la mwaka 2019, uliondoa jiji la mchapishaji wa kitabu. Nikikuta nusu ya orodha yako ina majiji na nusu haina, najua nusu umeinakili kwenye kazi ya mtu wa zamani, na nitaanza kujiuliza umenakili nini kingine.

Ikisiri iandikwe mwisho, na kila lengo lipate angalau sentensi moja ya matokeo, hata lile la tatu. Viambatisho na madondoo marefu sitavigusa leo.

Aliyekuja na malengo yake, hata kama ni kwenye simu, abaki hapa mbele. Karatasi nimekuja nazo, tutachora.