Swichi Chini ya Kiti

Shikamooni wazee wetu. Wengine, habari za jioni. Nasogea mbele kidogo, maana feni ya ukumbi huu inashindana na sauti yangu.

Nimekuja na kipande hiki cha waya. Pitishianeni, mkiangalie. Kimetoka kwenye Land Rover yangu, Series IIA, iliyonitesa miezi minne. Asubuhi inawaka vizuri, nikiingia shimo moja tu inazima. Fundi wangu pale Ilala alibadilisha platini, akaja kondensa, akaja koili, vile vifaa vya kutengeneza cheche za plagi. Mwisho akafuta mikono akaniambia, "Mzee, gari hili lina mambo yake." Nikaanza kuamini.

Magari ya Kiingereza ya enzi zile, yenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas, rangi ya waya ina maana yake. Wa kahawia una moto wa betri muda wote. Mweupe unapata moto ukishafungua ufunguo, na ndio unaokwenda kwenye koili. Wa kijani umepitia fyuzi. Mweusi ni ethi, yaani unafungwa kwenye bodi ya gari. Mwekundu ni wa taa ndogo na za nyuma. Basi nimelala chali, tochi mdomoni, naona mweupe umekatwa, umeungwa na mwekundu kwa utepe, na huo mwekundu unazama chini ya kiti cha dereva. Mwekundu na koili wapi na wapi? Nikaufuata kwa kidole hadi kwenye kiswichi cha plastiki, kile cha taa ya kitandani! Mmiliki mmoja wa zamani alijiwekea kinga ya wezi. Kikaota kutu, gari likitikisika kinakata moto. Alipouza hakusema. Labda alisahau, labda aliona ni siri yake.

Kwa hiyo ukikuta kitu usichokielewa, kabla ya kukiita ubovu uliza: kimewekwa kiwandani au na mwenye gari? Tundu likiwa na rangi ya kiwanda mpaka kingoni, na upande wa pili lipo pacha wake, mara nyingi ni la gari la usukani wa kushoto, lililotumia bodi hiyohiyo. Tundu la katikati ya bampa la mbele ni la hendeli ya kuwashia. Kitufe cha sakafuni, ambacho vijana wanakiogopa kama bomu, ni cha kupandisha na kushusha mwanga wa taa za mbele kwa mguu. Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 hazikuwa na geji ya mafuta. Gari likianza kukohoa, unageuza kikoki cha mafuta karibu na miguu, unapata kama lita 5 za akiba.

Kinga nyingine za wezi ni za kiwandani kabisa. Saab 99 ufunguo uko kati ya viti, na hautoki mpaka uweke gia ya rivasi. Nyingine hazihitaji hata waya: mwaka 1940 Uingereza ilipohofia kuvamiwa, madereva waliamriwa wasiache gari linaloweza kuwashwa na adui. Wengi wakawa wanachomoa rota ya distributa, kile kipande kidogo kinachogawa umeme kwa plagi, na kuitia mfukoni. Kwangu mimi, hiyo bado inashinda namba tunazochora kwenye vioo vya pembeni hapa mjini.

Naam, dada pale nyuma? Kama nimekitoa kile kiswichi? Nimeweka kipya, sehemu nyingine. Anayeijua ni mke wangu tu, na yeye Land Rover hapandi.