Kamera ya Picha Mnato: Video Ibaki, Lakini Isijifiche

Assalaamu alaykum, na hamjambo nyote mliofika.

Swali nililopewa jioni hii ni fupi: je, kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya picha mnato iwe na uwezo wa kurekodi video, au uwezo huo uondolewe na kuachiwa kamera za video zenyewe? Najua ukumbi umegawanyika, kwa maana nilipokuwa nikipanda ngazi niliwasikia wawili wenu wakibishana juu ya jambo hili hili. Nitasema mapema niliposimama, asije mtu akadhani namfichia jibu: video ibaki. Nisichokubali ni namna ilivyopachikwa, na sababu zangu nimezipata katika kumbi za kupamba, ambako nimefanya kazi miaka mingi kati ya wanawake wenzangu.

Wanaolalamika kwamba video imevamia nyumba isiyo yake wanasahau kwamba nyumba hizi mbili zimejengwa kwa mawe ya machimbo mamoja. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera za picha mnato kando ya njia ya farasi, na picha zile zikaonyesha kwamba mwendo unaweza kukatwa vipande vipande. Baadaye deni likalipwa kwa upande wa pili. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz ya Ujerumani, alichukua utepe wa filamu ya sinema wenye upana wa milimita 35, akaundia kamera ndogo ya mkononi ambayo fremu yake, yaani eneo la picha moja, milimita 24 kwa 36, ni fremu mbili za sinema zikiwekwa pamoja. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925. Kwa hiyo kile kipimo ambacho leo tunakiita fremu kamili, na ambacho wengine wenu mmekikopea fedha benki, kilizaliwa na utepe wa sinema.

Video yenyewe iliingia katika kamera zetu za kubadilisha lenzi mwezi Agosti 2008, Nikon ilipoitangaza D90, ikirekodi pikseli 1280 kwa 720, fremu 24 kwa sekunde, kila kipande kisichozidi dakika 5. Wiki chache baadaye Canon ikaleta EOS 5D Mark II yenye pikseli 1920 kwa 1080, na kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Ni lazima tutazame kilichotokea ndani ya chombo, kwa sababu hapo ndipo inapoanguka hoja ya kwamba video ikiondolewa bei itashuka. Kamera ya kioo cha ndani ilikuwa ikikuonyesha mandhari kupitia kioo hicho, na kihisi cha mwanga, kile kinachonasa picha, kikakaa gizani nyuma ya shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga, mpaka ubonyeze. Watengenezaji walipotaka upige ukitazama skrini ya nyuma, ilibidi kioo kiinuliwe, shata iachwe wazi, na kihisi kisomwe mstari kwa mstari, mara nyingi kila sekunde, ili kinachoonekana kisigande. Hiyo tayari ni video. Kilichobaki ni kuiandika kwenye kadi. Kamera za sasa zisizo na kioo hazina hata njia nyingine ya kukuonyesha mandhari, kwa kuwa kile unachokitazama kwa jicho moja ni skrini ndogo inayolishwa na kihisi muda wote. Anayetaka kamera ya namna hiyo isiyo na video anataka maji yatoke mferejini lakini mtu yeyote asikinge ndoo.

Soko limekwisha kulijaribu jambo hili. Mwaka 2013 Nikon ilitoa Df, kamera ya kidijitali isiyo na video kabisa, kwa takriban dola 2,750 bila lenzi, na mwaka huo huo ikauza D610 yenye video kwa takriban dola 2,000. Kwa haki, kihisi cha Df kilitoka katika kamera ghali zaidi, D4, kwa hiyo tofauti ya bei haikuletwa na video peke yake. Lakini hakuna aliyerudishiwa hata senti kwa kuondolewa video. Leica nayo iliweka video katika M ya mwaka 2012, ikaiondoa katika M10 ya mwaka 2017, na hakuna mtu aliyenunua M10 kwa sababu ya unafuu.

Gharama za kweli zipo, nami sizikatai. Kusoma kihisi bila kupumzika huzaa joto. Canon R5 ya mwaka 2020 ilisifiwa kwa video ya 8K, yaani ya ubora wa juu sana, kisha ikalaumiwa kwa kupata moto na kusimama kurekodi, na hapa kwetu wakati wa kaskazi hata mpigaji hupata moto. Kuna pia kichekesho cha ushuru: kwa miaka mingi kamera zetu zilikatika zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu forodha ya Umoja wa Ulaya ilikihesabu chombo kinachorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kukitoza ushuru wake. Mtu anapiga harusi Mombasa, kamera inazima katikati ya hotuba, na sababu iko bandarini Ulaya.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kupiga picha za kupamba katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Makubaliano yalikuwa picha mnato peke yake na albamu moja. Kwa wale ambao si wenyeji wa Pwani, kupamba ni usiku wa wanawake: bibi arusi huketishwa jukwaani na hina yake hadi viwikoni, mabuibui huvuliwa, watu huimba na kucheza, na simu hukusanywa mlangoni kwa sababu aliye ndani amekaa kama alivyo kwao. Katikati ya shughuli, shangazi ya bibi arusi akanijia, akaniinamia sikioni akasema, "Mwanangu, hiyo kamera yako si yachukua video? Hebu tuchukulie kidogo hapo achezapo mamake." Nikaona haya kumkatalia mtu mzima. Nikajibu, "Haya, shangazi."

Kamera niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa na gurudumu moja la kuchagulia kila kitu, na kasi ya shata niliyoipanga kwa video ndiyo iliyobaki kwa picha. Nikaishusha hadi 1/50 ya sekunde. Wapiga video waliopo wanajua sababu: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kanuni ya sinema hutaka shata iwe wazi kwa nusu ya muda wa kila fremu, ndipo mwendo uonekane laini. Tena taa za umeme wetu wa hertz 50 hupepesa mara 100 kila sekunde, kwa hiyo kwenye 1/50 kila fremu hupata mipepeso miwili kamili na milia haitokei. Ukitumia fremu 30 na shata ya 1/60, kama watu wa Marekani wafanyavyo kwa umeme wao wa hertz 60, taa za ukumbi zinaanza kucheza kwenye ukuta. Nawakumbusha kwamba 5D Mark II ilitoka kiwandani na fremu 30 tu, nasi wa hertz 50 tukangojea fremu 25 mpaka masahihisho ya programu ya Machi 2010.

Nikarekodi dakika mbili hivi, nikarudisha gurudumu kwenye picha, nikaisahau shata. Mama akapanda jukwaani kumfunga mwanawe kidani. Nilikuwa na lenzi ya milimita 85, bila flashi kwa kuwa taa za jukwaa zilitosha, na nikapiga picha 11 za tendo lile. Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta, zote 11 zilikuwa na uso mzuri wa bibi arusi aliyetulia, na mbele ya uso ule ukungu wa dhahabu na hina pale vidole vya mama vilipokuwa vikitafuta kishikizo. Mama yule hakuwahi kunilaumu, wala hakuchagua hata moja kati ya hizo kwa ajili ya albamu.

Kuna anayejiuliza kwa nini nisirekodi tendo lote kwa video kisha nikachomoa fremu moja. Fremu ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani megapikseli 8 na kidogo, na kwa ukurasa wa albamu inatosha. Tatizo ni kwamba imepigwa kwa 1/50 ile ile. Video hutaka mkono unaosogea uache ukungu, picha mnato hutaka mkono huo usimame, na hakuna kasi moja ya shata inayowaridhisha wote wawili. Ongezeni hesabu: fremu 25 kwa sekunde ni 1,500 kwa dakika na 90,000 kwa saa, na kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde saa hiyo moja hujaza gigabaiti 45. Mteja anayesema "si ina video hiyo?", akidhani anaomba nyongeza ya bure kama pilipili juu ya viazi karai, ameomba siku mbili za kukaa mbele ya kompyuta. Mwambieni bei kabla ya shughuli. Mimi nilichelewa kujifunza hilo.

Lakini lililoniumiza zaidi halikuwa picha 11. Siku tatu baada ya kupamba alinijia mgeni mmoja, mwanamke wa heshima, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikubali picha. Sikukubali video." Alikuwa akicheza nyuma ya mama wa bibi arusi. Aliponiona nimeinua kamera aligeuza uso, akangoja kidogo kama tungojavyo sote mpaka mlio wa shata upite, kisha akaendelea kucheza, akidhani yamekwisha. Kamera haikutoa mlio, na mimi nilikuwa bado narekodi. Nilikifuta kipande kile mbele yake, lakini kilikuwa kimeshahamia kwenye simu ya shangazi, na kutoka hapo sikujua kilikoelekea.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Picha mnato katika mji huu imekuwa mapatano tangu zamani. Waliokwenda studio ya N. V. Parekh hapa Mombasa walivaa, wakajipanga, wakachagua sura watakayobaki nayo. Waliosimama mbele ya mapazia yaliyochorwa katika vibanda vya wapiga picha karibu na feri ya Likoni walifanya vivyo hivyo, hata kama nyuma yao palikuwa na ndege isiyoruka. Anayepigwa alijua picha inaanza lini na inakwisha lini. Video haina mwanzo unaoonekana wala mwisho unaosikika, na chombo kile kile, kikishikwa vile vile, kinaweza kuwa kinafanya moja au jingine. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia, hata kama mpigaji hakuukusudia.

Sheria imegusa pembeni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa data yake, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu za kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Hakuna kati ya hizo inayoweza kumsaidia mwanamke anayecheza ukumbini na asiyejua kamera iliyo mbele yake inafanya nini kwa dakika ile.

Kwa hiyo ninachotaka kwa watengenezaji si kuondoa video. Nataka kwanza swichi ya peke yake, yenye nafasi mbili, ambayo mtu aliyesimama kando anaweza kuiona iko wapi. Na kwa bahati hili limeanza, kwa kuwa Sony A7 IV ya mwaka 2021 na Canon R6 Mark II ya mwaka 2022 zinatenganisha picha na video kwa swichi ya peke yake, na mipangilio ya shata ya upande mmoja inaweza kuachwa isivuke kwenda upande wa pili. Nikiwa na swichi hiyo, kidani kile kingeonekana. Pili, nataka taa nyekundu upande wa mbele inayowaka wakati wa kurekodi, kama ilivyo katika kamera za video za kazi, na isiyozimika kutoka kwenye menyu. Mtaniambia taa itaharibu picha za wanyama na za vita. Huenda. Huko Japani simu zinazouzwa kule hutoa mlio wa shata usioweza kuzimwa, kwa mapatano ya sekta yenyewe wala si kwa sheria, na watu bado wanapiga picha. Mwenye kuwinda simba kwa lenzi na anunue kamera nyingine. Wanaofanya kazi katika harusi ni wengi kuliko yeye.

Mpaka taa hiyo ipatikane, mimi humkabidhi kamera mama anayekaa mlangoni akikusanya simu. Huisukuma swichi mwenyewe kwa kidole gumba, akatazama skrini, akaisukuma tena, kisha akanirudishia ikiwa upande wa picha. Kamera yangu ya zamani, ambayo bado naitumia kama akiba, haina swichi. Ina kitufe chekundu tu, nami nimekizibia plasta nyeusi. Wiki iliyopita mama mmoja aliibandua plasta ile akitaka kuona kilicho chini yake, akakibonyeza, akarekodi dari ya ukumbi kwa dakika nzima.

Nitapokea maswali sasa, nikianza na wale wawili wa kwenye ngazi.